Gemu ya Mwanangu

“Gemu hii haimfai mtu mwenye hasira. Mimi mwenyewe nimeirushia mto mara tatu, na mto hauna kosa!”

Duka zima likaangua kicheko. Aliyesema alikuwa amesimama juu ya kigoda chekundu, gauni la kijani likimfika magotini, raba nyeupe miguuni, na kifuani kibeji cha kupimia mionzi alichosahau kukivua alipotoka kazini. Ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana, ghorofa ya pili ya jengo la maduka, saa ambayo hata pa kutia mguu hapapatikani.

Duka lile la gemu lilikuwa na sheria moja, na mwenye duka, Mama Diski, hakumpindishia mtu. Anayerudisha gemu aliyoicheza ili abadilishiwe nyingine, lazima apande kigoda aitolee ushahidi mbele ya wateja: imemchukua muda gani, imemfaa nini, na asiuziwe nani. Ukidanganya, mwaka mzima hupandi tena. Kwa hiyo watu walisema kweli pale kuliko wanavyosema majumbani mwao.

Karibu na mlango alisimama fundi wa lifti, ovaroli ya bluu ina grisi mpaka kwenye kola. Kwa siku tatu alikuwa akitengeneza lifti ya jengo lile, na kwa siku tatu alikuwa akilipita duka hili akijifanya anatafuta choo. Leo amejikaza kiume, akaingia.

Acha nikutolee siri yake sasa hivi, maana yeye mwenyewe itamchukua muda kuisema. Chumbani kwake, ghorofa ya nane, chini ya kitanda, kulikuwa na mashine ya gemu aliyoinunua kwa mtu wiki mbili nyuma, imefungwa kwenye shuka kama kitu cha wizi. Diski hana hata moja. Mara ya mwisho kushika padi alikuwa na miaka kumi na tisa, alifeli mtihani, baba yake akaibeba mashine kwenda kuiuza, akarudi na maneno manne: “Umri wa kucheza umekwisha.” Leo ana miaka thelathini na sita, anapandisha na kushusha watu mji mzima, na akirudi nyumbani jioni anayemnung'unikia ni friji.

“Kaka, ukizidi kuzishika hivyo zitaivia mikononi.”

Akageuka. Ni yule wa kigodani, ameshashuka, anayatazama makasha mawili aliyoyashika, moja kila mkono. Kwa karibu alikuwa mzuri zaidi. Macho yake yalitangulia kucheka, mdomo ukafuata.

“Natafuta gemu,” Fundi akasema.

“Basi hujapotea. Ya nani?”

Hapo ndipo palipoharibika. Fundi alifungua mdomo aseme “yangu”, neno dogo tu, lakini baba yake akamkohoa kichwani.

“Ya mwanangu.”

“Oo! Ana miaka mingapi?”

“Tisa,” akasema, akashangaa mwenyewe tisa imetoka wapi.

“Anapenda nini?”

“Vitu vinavyopanda na kushuka.”

Dada akacheka mpaka akamshika bega. “Kwa siku ana muda gani?”

“Saa moja. Akitoka kazini... shuleni! Akitoka shuleni.”

“Shule za siku hizi nazo ni kazi tu, umesema kweli. Sasa sikiliza. Kosa la kwanza la wazazi ni kuchagua gemu kwa sura ya kasha. Hiyo ya mkono wa kulia inataka saa mia na ishirini. Hiyo si gemu, hiyo ni ndoa. Hiyo ya kushoto atacheza na watu asiowajua, watamtukana mpaka babu yake. Jiulize mambo matatu. Ana muda gani? Anataka apumzike au achemke? Na atacheza na nani?”

“Peke yake,” Fundi akasema.

“Kila siku peke yake?”

“Kila siku.”

Sauti ilivyotoka, dada akaacha utani. Akanyoosha mkono rafuni, akashusha kasha lenye picha ya wapagazi wawili wamebeba kabati kubwa la nguo.

“Hii inaitwa Kabati. Watu wawili wanabeba kabati moja mpaka juu ya mnara wa ghorofa tisini. Likianguka, mnaanza ghorofa ile upya. Haichezeki na mtu mmoja. Mimi ninayo, na mwenzangu wa kucheza naye sina. Mdogo wangu ameolewa, ananiambia hana nafasi ya ujinga. Andika namba yangu. Kijana akiwa tayari, nitacheza naye kwa mtandao.”

“Wewe unacheza? Wewe mwenyewe?”

“Nina miaka thelathini na tatu, kaka, napiga watu picha za eksirei kutwa nzima, mifupa iliyovunjika asubuhi mpaka jioni. Nisipocheza nitacheza na akili yangu. Wananiita Mionzi.”

“Mimi ni fundi lifti.”

“Basi Fundi. Msalimie mwanangu.”

Mwanangu! Fundi alishuka kwa ngazi ilhali lifti aliitengeneza mwenyewe, miguu haijui inakanyaga wapi.

*

“Haloo? Ni mimi, yule wa Kabati.”

“Yule wa Kabati, au baba wa yule wa Kabati?”

“Baba. Dada, mbona tumetia diski, mashine inasema subiri? Nimepika, nimekula, nimeosha vyombo, bado inasema subiri!”

“Inapakua marekebisho. Lo! Wewe mara ya mwisho uliona mashine lini?”

“Zamani. Enzi zetu ulitia ukacheza.”

“Enzi zetu mwenzangu, zimekwisha. Na mtoto?”

“Yupo hapa. Amevumilia.”

Siku ile ya kwanza Kijana, maana ndivyo Mionzi alivyombatiza, alilibwaga kabati mara kumi na nane kwenye ghorofa ya pili. Padi ilikuwa na vitufe vingi kuliko alivyoviacha, na vidole vya Fundi, vinavyoweza kufunga skrubu gizani, vilikuwa vizito kama vya mgeni. Mionzi hakukasirika. Aliandika kwenye skrini: “Pole pole, baba. Kila mtu huanza hivi.” Fundi akaisoma ile “baba”, ambayo mama humwitia mtoto wa kiume, akairudia kuisoma.

Wakawa na utaratibu. Saa kumi na mbili jioni anampigia kama baba. Wanazungumza, wanataniana, kisha anasema, “Haya, nampisha mtoto,” anakata simu, anarukia padi. Kusema kwa sauti ndani ya gemu hapana. Kijana ana haya, haongei na wageni. Kwa hiyo walibeba kabati kimyakimya, kwa maneno mafupi ya kuandika, na ndiyo maana lilikuwa likianguka ovyo. Jumamosi na Jumapili mtoto alikuwa akipelekwa kwa shangazi yake. Fundi alishangaa uongo ulivyo mwepesi kujijengea vyumba. Ukishajenga sebule, jiko linajileta.

“Mwambie ale mboga,” Mionzi akasema jioni moja kwa simu. “Nimesikia unamlisha mikate tu.”

“Nitamwambia.”

“Niahidi.”

“Nakuahidi, Mionzi.”

Na kweli, jioni ile Fundi alikaa peke yake mezani akala mboga, kwa aibu.

Ghorofa ya sitini ilikuwa na lifti mbovu. Kabati halipiti kwenye ngazi, na lifti haipandi. Mionzi alikuwa ameshindwa hapo mara zote alizojaribu na mdogo wake. Kijana alitazama nyaya, akatazama mawe ya uzani, akahamisha jiwe moja, lifti ikapanda. Dakika mbili hazikufika. Simu ya Fundi ikalia hapo hapo.

“Wewe! Umeona alichofanya mwanao? Huyu mtoto ana kipaji! Ana akili za baba yake!”

“Kidogo,” Fundi akasema. Alikuwa na furaha na alitaka kulia, vyote kwa pamoja.

Wakaanza kuonana. Jumapili mchana, chai kwenye mgahawa wa kona, kisha kutembea mpaka miguu ivimbe. Fundi alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Mionzi alikuja na gauni la rangi ya manjano na hereni ndogo za duara, na harufu yake ya sabuni ikabaki kwenye mkono wa Fundi mpaka Jumatatu.

“Mama yake yuko wapi?” Mionzi akauliza siku moja, taratibu.

“Hayupo,” Fundi akajibu. Na ni kweli, hakuwepo. Mionzi akamshika mkono, akainamisha kichwa, na Fundi akajua anamwombea marehemu.

“Mionzi, kuna kitu nataka...”

“Ngoja niseme mimi kwanza, laazizi wangu. Nilikuwa na mchumba. Miaka miwili. Siku moja akaletwa mama mmoja kazini kwangu, amevunjika mguu, nimpige picha. Aliyemshikia mkoba ni mchumba wangu. Kwenye fomu pameandikwa ‘mume’.” Akacheka kidogo, cheko lisilo na utamu. “Nikapiga ile picha hivyo hivyo. Nikajiapia: anayenificha kitu, basi, hata kiwe kidogo kiasi gani. Ndiyo maana nimekupenda wewe, Fundi. Mwingine angemficha mtoto mpaka harusi. Wewe dakika ya kwanza, dukani, na grisi zako, ukaniambia una mwana.”

Mimi simtetei Fundi. Pale ndipo mwanamume husema. Yeye alisema, “Chai yako inapoa.”

Juma lililofuata, hospitalini kwao alifariki mgonjwa ambaye Mionzi alikuwa amemzoea. Jioni aliingia kwenye gemu akaandika: “Leo sina nguvu, Kijana. Labda tuache.” Kisha maneno yakaja: “Usiache. Mimi na wewe tunaweza.” Wakapanda ghorofa nne siku ile. Mionzi alizipiga picha zile herufi kwa simu yake, akaziweka.

*

Lifti ya hospitali ya kina Mionzi iliharibika Jumanne, saa tano asubuhi. Fundi aliitwa pamoja na mwenzake wa kazi, mtu mwembamba wa maneno mengi anayeitwa Bisibisi. Walikuwa wameshamaliza, wanakusanya vifaa, Mionzi akatokea kwenye korido na koti lake jeupe, wauguzi wawili nyuma yake wanasukumana kwa kucheka.

“Ndiye huyu,” akawaambia. “Fundi wangu.”

Akamkabidhi boksi. Ndani kulikuwa na viatu vya michezo vya bluu, vidogo, kamba nyeupe.

“Vya Kijana. Nimekisia thelathini na tatu. Amefika ghorofa ya tisini, lazima apewe zawadi. Mwambie ni kutoka kwa... basi, mwambie ni kutoka kwangu.”

“Kijana gani?” Bisibisi akauliza.

“Mtoto wake.”

“Mtoto? Wa huyu?” Bisibisi akaangua kicheko, masikini, hakuwa na nia mbaya. “Dada, huyu nafanya naye kazi mwaka wa saba. Huyu hana hata paka!”

Wauguzi wakacheka, kisha wakaacha. Mionzi alimtazama Fundi usoni, jinsi anavyotazama picha kwenye mwanga, akitafuta palipovunjika. Akapaona.

“Ni nani aliyekuwa anacheza na mimi?”

“Mimi.”

“Na gemu?”

“Yangu. Niliona haya kusema.”

“Uliona haya.” Akalichukua boksi mikononi mwa Fundi. “Nimemwombea marehemu, Fundi! Nimemwombea mama wa watu ambaye hajawahi hata kuzaliwa! Wa kwanza alinificha mke, wewe umeniletea mtoto hewa. Hivi mimi nina nini usoni?”

“Mionzi, mpenzi...”

“Lifti imepona? Basi pandeni, mshuke nayo.”

Milango ikajifunga. Fundi aliitengeneza vizuri mno. Haikukwama hata kidogo.

*

Simu haikupokelewa. Kesho yake haikuita kabisa, namba imefungiwa. Wiki tatu mashine ilikaa bila kuwashwa. Kila alipoitazama aliona mpagazi mmoja amekaa ghorofa ya tisini, kabati pembeni, anamngoja mwenziwe.

“Mimi nimekuharibia,” Bisibisi akasema, akila chakula chake juu ya sanduku la vifaa.

“Hapana. Wewe ulisema kweli. Mimi ndiye niliyepaswa kuisema kabla yako.”

“Kwani gemu ni aibu? Mimi mwenyewe nacheza kwenye simu, chooni.”

“Tangu lini?”

“Tangu nizaliwe! Hukuniuliza.”

Ijumaa jioni Fundi alipiga simu ambayo alikuwa akiiogopa kwa miaka kumi na saba.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Umepatwa na nini?”

“Sijapatwa na kitu. Nimenunua mashine.”

“Ya kufulia?”

“Ya gemu.”

Fundi alisikia redio ya baba yake inasoma habari.

“Kama ile niliyoiuza?”

“Nzuri kuliko ile.”

“Sasa unaniambia ili iweje?”

“Ili ujue, baba.”

“Haya, nimejua. Kodi yako unalipa mwenyewe, cheza. Umekula?”

“Nimekula mboga.”

“Mboga? Wewe?” Mzee akacheka. Ikawa imekwisha, dakika moja na nusu. Fundi alibaki ameishika simu, akijionea huruma ya miaka yote ile.

Jumamosi, saa sita kasoro, akavaa ovaroli ileile ya bluu, imefuliwa. Akamchukua Bisibisi. Akaibeba Kabati ndani ya kasha lake, akapanda mpaka ghorofa ya pili. Alijua Mionzi hakosi Jumamosi. Hakwenda kujificha nyuma ya duka wala kumvizia ngazini. Alitaka pawe pamejaa.

Palikuwa pamejaa. Na Mionzi alikuwepo, karibu na rafu ya nyuma, gauni la kijani, mfuko wa karatasi mkononi. Alimwona. Akageukia mlango, lakini Fundi alikuwa ameshaweka mguu mmoja kigodani.

“Kigoda kina mtu!” Mama Diski akapaza sauti, naye alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kuzuia watu. “Asitoke mtu ushahidi ukiendelea. Sheria ni sheria. Sema, kaka. Gemu gani?”

Fundi akapanda. Kigoda kikalia chini ya buti zake.

“Inaitwa Kabati. Nimeicheza wiki tisa. Sijaimaliza.”

“Imemfaa nini mtoto?” Mama Diski akauliza, maana alikumbuka aliyeinunua na alimnunulia nani.

“Hakuna mtoto.” Akapumua. “Siku ile hapa hapa niliulizwa ‘ya nani’, nikasema ya mwanangu. Ni yangu. Nina miaka thelathini na sita, natengeneza lifti, na napenda gemu tangu nina meno ya utoto. Niliona haya. Haya yenyewe ilikuwa ya dakika moja, ningeweza kuitema palepale, lakini nikaifuga ikanenepa. Baadaye mtu niliyempenda akaniambia ananipenda kwa sababu mimi ni mkweli. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikamwambia chai inapoa.”

Mtu mmoja akacheka. Bisibisi akamkanyaga mguu.

“Pale haikuwa haya tena. Ulikuwa woga, na woga ule ni wangu, simsingizii mtu. Imenifaa nini gemu hii? Nilikuwa nakula nimesimama jikoni, sasa nakaa mezani. Nilikuwa sina wa kumngoja saa kumi na mbili, nikampata. Nikampoteza kwa mikono yangu.”

“Asiuziwe nani?” Mama Diski akauliza, sauti imeshuka.

“Asiuziwe mtu anayetaka kubeba mzigo na mwenzake huku yeye mwenyewe amejificha.”

Kisha sauti ikatoka nyuma, kavu.

“Muulizeni. Siku ile niliyotaka kuacha, nani aliandika ‘mimi na wewe tunaweza’?”

“Mimi,” Fundi akasema.

“Nani aliyeitengeneza lifti ya ghorofa ya sitini?”

“Mimi. Hiyo nayo ungeweza kuikisia.”

“Usinichekeshe, sijafika huko. Mboga?”

“Nimezila mimi. Kila siku. Mpaka leo asubuhi.”

Watu wakashindwa kujizuia, wakacheka. Mionzi hakucheka. Alisogea mbele, watu wakampisha, macho yamejaa machozi.

“Nilimpenda yule mtoto, Fundi. Nilikuwa namnunulia nguo kichwani. Wiki tatu namlilia mtu ambaye siwezi hata kumpiga picha.”

“Najua. Naomba radhi, na sina la kujitetea. Lakini kila alichokuambia, nilikuambia mimi. Kasoro umri.”

Mionzi akafuta macho kwa kiganja. Akamtazama tena kwa yale macho yake ya kazini, muda mrefu, palepale juu ya kigoda, mbele za watu, mtu mzima na diski yake.

“Shuka,” akasema. “Mama Diski, usiipokee hiyo. Gemu haijaisha. Washa mashine.”

“Umenisamehe?”

“Sijakusamehe. Nataka kumaliza mnara wangu.”

Mama Diski akawasha runinga kubwa ya ukutani. Mionzi akaandika namba yake ya siri, na gemu ikawakumbuka: ghorofa ya tisini, wapagazi wawili, kabati moja, na kona nyembamba ambayo walikuwa wamelibwaga mara arobaini na moja. Fundi akashika padi. Vidole havikuwa vya mgeni tena.

“Leo tunaongea,” Mionzi akasema, bila kumtazama.

“Tunaongea.”

“Inua kwako. Inua! Wewe, inua!”

“Nimeinua. Shuka wewe kidogo.”

“Siwezi kushuka, kuna ngazi.”

“Basi ngoja, nirudi nyuma. Usigeuke mpaka niseme.”

Kabati likayumba, likaanguka kwa kishindo. “Arobaini na mbili!” Bisibisi akatangaza, akanyamazishwa na duka zima. Wakaanza upya.

“Tatizo lako unasukuma,” Mionzi akasema.

“Tatizo lako unavuta kabla sijafika.”

“Kwa nini hukusema siku zote hizo?”

“Nilikuwa na miaka tisa!”

Hapo Mionzi akacheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, kikamtikisa mabega, na wapagazi wote wawili wakatikisika nacho, lakini kabati halikuanguka.

“Sasa lisimamishe,” Fundi akasema. “Taratibu. Uzito wote niachie mimi. Ngoja... ngoja, mpenzi... geuka! Sasa hivi, geuka!”

“Nageuka! Vuta!”

Kabati likapita konani, limebakiza upana wa kidole. Ngazi tano. Tatu. Moja. Wapagazi wakaliweka chini juu ya mnara, mlango wa kabati ukafunguka wenyewe, na ndani kulikuwa na viti viwili. Wakavitoa, wakaketi, wakatazama mawingu.

Duka lililipuka kwa vigelegele. Mama Diski alipiga kengele ya kaunta mpaka ikang'oka kitufe. Bisibisi alimkumbatia mteja asiyemjua. Mionzi aliruka juu mara mbili, mikono hewani, na alipotua alitua kifuani mwa Fundi, akabaki pale.

“Umenisamehe sasa?” Fundi akamnong'oneza.

“Kelele, nafurahi.”

Alipojitoa, aliokota mfuko wake wa karatasi. Akatoa boksi.

“Nilikuja kuvirudisha kwenye duka la viatu hapo chini. Wamekataa. Eti vikitoka havirudi. Sasa nina viatu vya bluu namba thelathini na tatu, na sina mguu wa kuvitia.”

“Vitamtosha mtoto wa miaka mingapi?”

“Tisa.”

“Muda upo,” Fundi akasema polepole.

“Muda upo,” Mionzi akasema, “tukianza kwa utaratibu. Kwa hiyo Jumapili ijayo, saa saba mchana, vaa lile shati lako linalosimama lenyewe, uje ujitambulishe kwa mama yangu. Ananiuliza kila siku huyo mwanamume ana nia gani.”

“Nia ya kukuoa, Mionzi. Utakubali?”

“Nishakubali, huoni nimeshika viatu? Lakini mama yangu ana maswali. Akikuuliza jioni ukitoka kazini unafanya nini?”

“Nitamwambia nacheza gemu.”

“Gemu za nani?”

Duka zima likamgeukia kumsikiliza. Bisibisi akafumba macho. Fundi akalipokea boksi la viatu, akaliweka kwapani, akamshika mchumba wake mkono.

“Zetu,” akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye duka la viatu.